Maktaba imenishinda, intaneti imeniponza: makala yangu niifanyeje?

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Muhula huu tulipewa kazi ya kuandika makala ya maneno 1,500 kuhusu huduma ya maji, nami nikachagua kueleza kwa nini mitaa mingi ya jiji hili ingali inapata maji kwa mgawo ilhali miradi imekuwa ikitangazwa tangu kabla sijazaliwa. Kazi yote niliifanya kwa simu, usiku, kwa kuwa bando la usiku ndilo ninalolimudu. Nilifungua kurasa nyingi, nikanakili nilichoona kinafaa, na pale nilipokwama niliiuliza programu ya akili mnemba, ambayo ilinipa majibu pamoja na marejeo yaliyopangwa vizuri kabisa.

Makala ilirudi imejaa wino mwekundu. Pembeni mwa aya, mhadhiri wetu ameandika "Nani kasema?" mara tisa, nimehesabu. Nilipoandika kwamba Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni saba, amepiga mstari na kuweka alama ya kuuliza. Nilipoandika kwamba mwaka 2008 Tanzania iliishinda mahakamani kampuni ya City Water, ameandika "Hukumu umeisoma?" Kibaya zaidi, makala mbili za kitaaluma nilizozitaja mwishoni hazipo, yeye amezitafuta, nami kwa aibu nikazitafuta, na hakuna aliyezipata. Hakunipa sifuri. Amenipa wiki tatu niirudie kazi, akaniambia maneno mawili tu: "Nenda maktaba."

Nilikwenda. Niliacha begi mlangoni, nikamwambia mhudumu wa kaunta kwamba nataka vitabu vya maji, akanielekeza kwenye rafu. Nilikaa saa tatu katikati ya vitabu vya uhandisi vyenye michoro ya matangi na hesabu za kipenyo cha mabomba, nikatoka na kitabu kimoja cha zamani ambacho hadi leo sijui nitakitumia wapi. Wenzangu wananicheka kwamba siku hizi maktaba ni mahali pa kujisomea mtihani na kuchaji simu.

Naomba unisaidie. Je, maktaba bado ina kazi kwa mwandishi wa habari, au mhadhiri ananiadhibu tu? Katika intaneti nitajuaje kipi cha kuamini, maana hata tovuti zinazoonekana za maana hazikubaliani? Na makala za majarida ya kitaaluma zinazodai dola nyingi ndipo zifunguke, mtu asiye na kadi ya benki azipate vipi?

Mwanafunzi aliyekwama, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Mhadhiri wako hakuadhibu. Mtu anayekaa na karatasi ya mwanafunzi hadi akatafute marejeo yasiyokuwapo amekupa muda ambao wahariri wengi hawatakupa utakapoajiriwa. Wao wataitupa kazi kapuni na kumpa mwingine ukurasa. Kosa langu mimi ni kwamba nilifikia umri wa kuwa na watoto ndipo nikafunzwa jambo hili, baada ya kuandika mwaka usio sahihi wa kuzinduliwa kwa mtambo wa maji kwa sababu niliukuta katika kipande cha gazeti kilichokatwa bila tarehe, na gazeti nililokuwa nikilitumikia likalazimika kuomba radhi ukurasa wa pili.

Umeniuliza kana kwamba maktaba na intaneti ni wake wenza, ukimwendea huyu umemkosea yule. Katika kazi yetu kila kimoja kinamtuma mtu kwa mwenzake. Tuchukue sentensi zako mbili zilizopigwa mstari, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jibu unalolihitaji.

Ya kwanza ni ile ya watu milioni saba. Hukuibuni, naamini, iko katika tovuti nyingi na nyingine ni za kuheshimika. Lakini Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tofauti ya zaidi ya milioni moja na nusu imetoka wapi? Rudi nyuma kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imewakuta watu 4,364,541, na katika miaka kumi iliyoitangulia jiji lilikuwa limekua kwa takriban asilimia 5.6 kwa mwaka. Waliofanya makadirio ya miji mikubwa ya dunia kabla ya sensa mpya walichukulia kwamba ukuaji ungeendelea kuwa wa kasi, tovuti zikayanakili makadirio yao, na tovuti nyingine zikazinakili hizo tovuti, hadi neno "makadirio" likaanguka njiani na ikabaki namba peke yake. Sensa ilipofanyika ilionekana kwamba kasi imeshuka hadi kama asilimia 2.1. Kwa hiyo hukukutana na vyanzo ishirini vilivyokubaliana. Ulikutana na chanzo kimoja kilichovaa nguo ishirini.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu kipi cha kuamini. Usianze kwa kuipima tovuti kwa sura yake. Iulize namba yenyewe: aliyekuhesabu ni nani, lini, na kwa njia gani? Kisha ifuate hadi mlangoni kwake, ambako kwa idadi ya watu ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo ripoti zake za sensa zipo wazi katika tovuti yake. Na ukifika mlangoni usitoke mbio. Eneo linalohudumiwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, halikomi mpakani mwa Mkoa wa Dar es Salaam. Linafika Kibaha na Bagamoyo, ambazo ni za Mkoa wa Pwani. Ukigawa lita za maji kwa watu wa Dar es Salaam peke yao utakuwa umewasahau majirani wanaokunywa kutoka bomba lilelile.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonifurahisha, kwa sababu kila mtu huikosea. Wasomaji wengine hawaikumbuki habari yenyewe, kwa hiyo naieleza kwa ufupi. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa City Water, kampuni iliyokuwa na wabia kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nyumbani, kwa mkataba wa miaka kumi. Mwezi Mei 2005 waziri aliyehusika na maji, Edward Lowassa, alitangaza kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni serikali ikaichukua kampuni na kuwaondosha nchini wakuu wake wa kigeni. Wawekezaji waliifungulia Tanzania shauri katika ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, na uamuzi ukatolewa tarehe 24 Julai 2008.

Sasa, uamuzi huo uko wazi katika intaneti, ni mrefu wa mamia ya kurasa, na umeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Huna haja ya kuusoma wote usiku mmoja. Soma sehemu ya mwisho yenye maagizo, kisha rudi kwenye sura zilizozaa maagizo hayo. Utakachokikuta ni hiki: wasuluhishi walikubali kwamba kwa baadhi ya vitendo vyake serikali ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya Uingereza na Tanzania, lakini hawakuiamuru ilipe fidia hata senti, kwa kuwa waliona hasara ya kampuni haikuletwa na vitendo hivyo, kwa hesabu zao, biashara ile ilikuwa imekwisha kupoteza thamani kabla ya siku ya Juni. Hapo "Tanzania imeshinda" si uongo ukiangalia mfuko, na si kweli ukiangalia sheria. Aidha, kulikuwa na shauri jingine kabisa, kati ya City Water yenyewe na DAWASA, lililosikilizwa na baraza tofauti chini ya kanuni za UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, na kumalizika kwa ushindi wa DAWASA miezi kadhaa kabla ya uamuzi wa ICSID. Waandishi wengi huyachanganya mashauri hayo mawili katika sentensi moja. Mhadhiri wako alipoandika "Hukumu umeisoma?" hakuwa akikejeli, alikuwa akikuonyesha kwamba sentensi moja tu ilikuwa ikikutenga na makala ambayo wenzako hawana.

Waraka huo umeupata kwa intaneti, bila kufika maktaba yoyote. Intaneti imekupa pia tarehe, na tarehe ndiyo ufunguo uliousahau ulipokwenda kaunta. Ulisema unataka "vitabu vya maji". Katika maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, maji ya uhandisi hukaa kwenye namba 628, na huko ndiko ulikopelekwa. Maji kama huduma ya jamii, yaani nani anayapata na nani anayakosa, yapo 363.61; na historia ya Tanzania ipo 967.8. Rafu hizo tatu zinaweza kuwa pande tatu tofauti za jengo. Mhudumu hakukudanganya, alijibu swali uliloliuliza.

Safari hii nenda umwambie mkutubi, si mlinzi wa mikoba wala kijana anayepanga viti: "Naomba magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza ya kuanzia tarehe 10 Mei hadi mwisho wa Juni 2005. Natafuta habari za kuvunjwa kwa mkataba wa City Water." Utaona uso wake ukibadilika. Wakutubi huombwa funguo za choo na nywila ya Wi-Fi siku nzima. Anayewaletea tarehe na jambo huwafurahisha, na mara nyingi atakutajia jalada ambalo hukujua lipo. Hapo Dar es Salaam una Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967 na ambayo kisheria huwekewa nakala za machapisho ya nchini, na una maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki. Uliza masharti ya kuingia kabla hujapanda daladala, hasa kwa wasio wanachuo wa hapo.

Magazeti ya zamani hujalidiwa kwa miezi, na juzuu moja ni zito kama gunia dogo la unga. Liweke mezani lote, usilishikilie kwa goti. Usilambe kidole kufungua kurasa, karatasi ya gazeti hukauka na kuchanika kama gamba la kitunguu. Ukipata habari yako, piga picha ukurasa mzima kwanza, pamoja na ukingo wa juu wenye jina la gazeti na tarehe, ndipo upige picha ya habari yenyewe. Picha ya aya isiyo na tarehe ndiyo iliyoniponza mimi. Kisha usiondoke. Tazama habari jirani, barua za wasomaji, matangazo, katuni. Kurasa za ndani zitakuonyesha watu walikuwa wanasemaje kuhusu maji wiki ile kabla ya tangazo la waziri, na hilo hakuna injini ya kutafutia itakayokuletea, kwa kuwa sehemu kubwa ya magazeti yetu ya miaka hiyo haimo katika intaneti. Ukitaka kwenda mbali zaidi, mtambo wa Ruvu Juu ni wa mwaka 1959 na Ruvu Chini ni wa mwaka 1976. Fungua magazeti ya miaka hiyo, kwa mfano *Uhuru* na *Daily News* kwa mwaka 1976, usome ahadi zilizotolewa kwa wakazi, uziweke kando ya ahadi za leo. Makala yako iko hapo.

Kuna mahali ambako mlango bado umefungwa. Majalada ya serikali yanayohifadhiwa na Idara ya Nyaraka na Kumbukumbu za Taifa kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Ya 1976 unaweza kuyaomba, ya 2005 bado. Vilevile, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30, nawe una wiki tatu. Andika barua hiyo hata hivyo. Jibu litakufaa katika kazi inayofuata.

Kwa yaliyosemwa hadharani huna haja ya kusubiri. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, ambazo sote huziita Hansard, zipo katika tovuti ya Bunge, zimeandikwa kwa Kiswahili, na zina jina la msemaji na tarehe. Pakua za mkutano wa bajeti wa mwaka 2005 ukiwa na bando la usiku, kisha utafute ndani ya faili neno "City Water", halafu "Citywater", halafu "DAWASA", kwa sababu wachapaji huandika majina kila mmoja kwa namna yake. Ukiwa kwenye injini ya kutafutia, andika site:go.tz mbele ya maneno yako na filetype:pdf mwishoni, na utashangaa jinsi blogu zinavyopungua na ripoti zinavyojitokeza. Hapo utakutana na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na zile za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zinazopima mamlaka za maji kila mwaka.

Katika ripoti hizo utaona asilimia ya "upotevu wa maji". Tafadhali usikimbilie kuandika kwamba maji hayo yote yanavuja. Kipimo hicho hujumuisha mabomba yaliyopasuka, maunganisho ya wizi na mita zinazosoma pungufu. Fasili yake mara nyingi iko kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua. Kifungue.

Ukurasa wowote wa wavuti unaoutegemea, uhifadhi siku hiyohiyo katika Wayback Machine ya Internet Archive, kwa kubandika anwani yake pale penye sehemu ya kuhifadhi. Wizara zetu hubadilishwa majina na tovuti zao huhama nazo. Kwa njia hiyohiyo unaweza kuona ukurasa uliokwisha kufutwa.

Kuhusu majarida ya kitaaluma, usilipe dola yoyote. Mkutubi wa chuo chako ndiye anayejua chuo kimejiandikisha katika hifadhidata zipi. Upo mpango wa Research4Life unaozipa taasisi za nchi kama yetu njia ya kusoma majarida bila malipo, lakini mara nyingi nywila imelala kwenye droo kwa kukosa mtu wa kuiomba. Katika Google Scholar, bonyeza palipoandikwa matoleo yote chini ya jina la makala, kwa kuwa mwandishi huenda aliiweka nakala yake katika hazina ya chuo chake. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari minne kwa adabu. Watafiti hupenda kusomwa kuliko unavyodhani, na malipo yale ya dola kwa kawaida hayamfikii.

Na ile programu ya akili mnemba? Itumie ikupe maneno mbadala ya kutafutia, au ikusaidie kuelewa aya ngumu ya uamuzi wa ICSID, kisha uirudie aya mwenyewe. Usiitake ikupe marejeo. Inajua jinsi rejeo linavyoonekana, na kwa hiyo inaweza kulitunga likiwa na jina la jarida, juzuu na kurasa, bila makala yenyewe kuwapo. Kanuni yangu ni kwamba usichokifungua kwa mkono wako hukitaji.

Wiki ya kwanza, basi, igawe kati ya juzuu za magazeti na Hansard. Wiki ya pili nenda kwa watu, ukiwa na picha za kurasa zako kwenye simu. Mtafute fundi bomba mstaafu au mzee wa mtaa aliyekuwapo mwaka 2005, umwonyeshe habari ya siku ile, kisha unyamaze. Ukimuuliza mtu "tatizo la maji lilikuwaje zamani" atakupa hotuba. Ukimwonyesha ukurasa atakwambia maji yalirudi siku gani na nani alikuja kuyafungulia. Wiki ya tatu andika, na kando ya kila sentensi yenye namba, jina au tarehe, jiandikie kwa penseli umeitoa wapi na ukurasa wa ngapi. Mpe mhadhiri nakala hiyo yenye penseli pamoja na ile safi.

Na ukikuta juzuu la Juni 2005 limenyofolewa ukurasa unaouhitaji, jambo ambalo hutokea, usirudi nyumbani. Gazeti lilelile lilipelekwa maktaba zaidi ya moja, na gazeti shindani la siku ileile huenda limelala rafu ya chini yake.